Masomo ya Chuo Kikuu Mtandaoni: Darsa Ipo, Ijaza Haipo

Siku chache kabla ya Ramadhani, binti ya kaka yangu alikuja kwangu baada ya swala ya Isha, flashi mkononi, uso umemchangamka. "Ami," akasema, "nimenunua notsi za chuo kikuu, mwaka wa kwanza mzima. Zimo zote humu." Nikamuuliza bei. Shilingi 1,500. Kwa mtu ambaye kila jioni hukaa mlangoni na mamake kuuza viazi karai, hizo ni jioni nyingi za moshi machoni.

Nikaitia flashi kwenye kipakatalishi. Mafaili tele: hesabu, uchumi, uhasibu, kompyuta, yote yamepangwa vizuri. Nikafungua moja, nikateremka hadi mwisho, na chini kabisa nikakuta maandishi madogo: MIT OpenCourseWare, ocw.mit.edu. Nikafungua la pili, yale yale. La kumi, yale yale. Mtoto alikuwa ameuziwa kitu ambacho wenyewe walianza kukitoa bure kabla yeye hajazaliwa.

Nilipomweleza alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Sasa kama ni bure, Ami, mbona hakuna aliyetwambia?"

Sikuwa na jibu. Huyu msichana alimaliza kidato cha nne kwa C+, akaitwa chuo kikuu kimoja cha bara, na barua ya mwito bado imo kwenye faili la plastiki juu ya kabati. Karo na malazi vilimshinda babake. Wala si yeye peke yake. Pita Majengo, pita Kisauni, vuka feri uende Likoni, utawakuta wenye barua kama hiyo. Skulini walisaidiwa kujaza fomu za kuomba vyuo, wasiambiwe kwamba sehemu kubwa ya masomo yenyewe iko wazi kwa yeyote mwenye simu. Na sisi wakubwa, mimi na diploma yangu ya miaka ishirini na ushei, tuko mtandaoni kutwa tukitumiana video za harusi.

Basi leo nitaeleza nilichokijua, na makosa tuliyoyafanya mimi na yeye miezi iliyofuata, ili mwingine asiyarudie.

Mwezi Aprili 2001, chuo cha MIT cha Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake kwenye mtandao asome atakaye bila kulipa. Wakati ule vyuo vingi vilikuwa vikipiga hesabu za kuuza masomo kwa mtandao. Mwaka uliofuata MIT wakaanza kwa masomo 50. Leo yamepita 2,500. Hujisajili, hutoi nambari ya simu, huulizwi umri wala cheti.

Sisi watu wa pwani tunaweza kulielewa jambo hili haraka tukilitazama kama wakfu. Mtu akichimba kisima akakiweka wakfu, kila mpita njia ana haki ya kunywa, ila hana ruhusa ya kukizungushia ua akauza maji. Leseni wanayotumia MIT, ya Creative Commons, iko karibu na hayo. Nakili, chapisha, mpe mwenzio, tafsiri kwa Kiswahili ukipenda. Ila utaje ulikoitoa, usiifanyie biashara, na ukitengeneza kitu kutokana nayo ukitoe kwa masharti hayo hayo. Na aliyekwishapata nakala kwa leseni hiyo hawezi kunyang'anywa, hata mwenyewe akibadili nia kesho. Yule muuza flashi, lau angetoza bei ya flashi na kikombe chake cha chai, nisingemsema sana. Lakini kumwambia mtoto wa watu kwamba hizi ni notsi zangu, huko ni kuuza maji ya kisima cha wakfu.

Si kila mlango ulioandikwa "bure" ni wakfu, lakini. Mwaka 2012 MIT na Harvard walianzisha edX, na mwaka huo huo ikaja Coursera. Humo mna masomo mazuri sana, na mengine bado waweza kuyafuata bila malipo. Ila zile ni biashara. edX yenyewe iliuzwa mwaka 2021 kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na kitu kilichouzika huweza kubadilishiwa masharti. Ukiingia huko soma kwanza: bure ni kutazama tu, au pamoja na mazoezi? Ni kwa majuma mangapi kabla mlango haujafungwa? Ukiona unaombwa nambari ya kadi ya benki ndipo uonjeshwe siku saba za bure, ondoka. Siku ya nane hupiga hodi kabla hujaizoea ya kwanza.

Kuna jambo la pili ambalo lazima liwekwe wazi mapema, maana hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Hapa kwetu kabla neno "chuo" halijawa chuo kikuu lilikuwa chuo cha Qur'ani, na tunajua tofauti ya darsa na ijaza. Kwenye Msikiti wa Riyadha kule Lamu, Habib Swaleh anakumbukwa kwa kuwafungulia darsa hata wale ambao wakubwa wa mji hawakuwa wakiwahesabu. Kukaa darsani huhitaji ruhusa ya mtu. Kuitwa mwanafunzi wa shekhe fulani, ukapewa ijaza ufundishe kitabu chake, hiyo ni habari nyingine. Lazima shekhe akujue, akusikize, akupime. MIT OpenCourseWare ni darsa. Hawatoi cheti na hawakujui. Ukimaliza somo zima la hesabu usiku wa manane, hakuna atakayekupigia makofi wala kukuandikia barua. Anayeuza "cheti cha MIT OCW" anakuibia mara mbili.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la ulafi. Kusikia bure, binti yetu alipakua masomo kumi na tisa kwa siku mbili. Fizikia alikuwa hajaigusa tangu kidato cha pili, lakini aliipakua. Baada ya juma moja nikamuuliza amefika wapi. Alikuwa amefungua yote na hakumaliza hata mhadhara mmoja. Sikumlaumu, maana na mimi kwenye simu yangu nina vitabu mia mbili nilivyovihifadhi ili nivisome "nikipata nafasi."

Tukaanza upya kwa somo moja. Alitaka uhasibu, kwa sababu daftari la viazi la mamake analiandika yeye na anapenda kuona hesabu ikilingana. Hapo tukajifunza namna ya kulikagua somo kabla ya kulipakua, na hili ndilo ningependa msomaji alishike kuliko yote. Fungua kwanza ukurasa wa silabasi. Tazama mambo matatu: somo linataka ujue nini kabla ya kuanza, linatumia kitabu gani, na lina mazoezi yenye majibu au hapana. Kwenye MIT masomo hayalingani. Mengine yamekamilika, yana video, notsi, mazoezi, mitihani ya nyuma na majibu yake. Mengine ni orodha tu ya vitabu vya kununua, na bei ya kitabu kimoja ni karo ya muhula mzima ya skuli ya msingi. Somo lisilo na mazoezi yenye majibu ni gumu mno kwa anayesoma peke yake. Utasoma, utatikisa kichwa, utadhani umeelewa.

MIT wenyewe waliliona tatizo hilo, na tangu 2011 wakaanza kutayarisha masomo maalumu kwa anayejisomea bila mwalimu. Utayajua kwa herufi SC baada ya nambari ya somo. Kwa mfano 18.01SC ni kalkulasi ya mwanzo, na 18.06SC ni aljebra ya mistari, aliyoifundisha Profesa Gilbert Strang, mzee mmoja mwenye chaki na ubao na subira ambayo sijawahi kuiona kwa mwalimu yeyote wa hesabu aliyepata kunifundisha. Anayetaka kompyuta atafute 6.0001, utangulizi wa kuandika programu kwa lugha ya Python; hauhitaji uwe umewahi kuandika programu.

Uhasibu wa MIT tuliuona ni wa zamani, wa mwaka 2004, na unakwenda kwa kasi. Tukahamia OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston. Hawa hutoa vitabu kamili vya kiada, vipya, waweza kuvisoma kwenye simu au kuvipakua kwa PDF. Kitabu chao cha Principles of Accounting, juzuu mbili za mwaka 2019, kinaanza mwanzo kabisa, na majibu ya baadhi ya maswali yamo mwishoni. Wana pia cha takwimu, ambacho mimi mwenyewe nimekifungua kwa haya kidogo, maana takwimu nilizipita chuoni kwa kukariri na hadi leo sikuwa nimeelewa nilikariri nini.

Tulipofika hapo tukagundua jambo ambalo muuza flashi asingelijua. Kitabu ni cha Kimarekani. Kanuni za kutayarisha hesabu za kampuni kule ni zao wenyewe, na sisi Kenya tunafuata zile za kimataifa, IFRS, tangu 1999. Misingi ni ile ile, deni na dai ni yale yale popote. Lakini ukifika kwenye kodi na sheria za kampuni, sita ya huko haiwi sita ya hapa. Kwa hivyo kila penye sheria tukaiacha Marekani tukarudi nyumbani, kwenye tovuti ya Kenya Law, ambako sheria zote za nchi na hukumu za mahakama zimewekwa bure. Wallahi hazina ile ingestahili kujulikana kuliko inavyojulikana. Mtu wa pwani anayelia na hatimiliki ya shamba angeanzia huko kabla hajampa mtu chochote.

Na vyuo vyetu wenyewe vina kitu. Maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Nairobi imejaa tasnifu za wanafunzi, nyingine kuhusu miji yetu hii hii. Kuzipata huhitaji kuwa mwanafunzi. Kwenye Google, andika mada unayoitaka, kisha ongeza site:ac.ke filetype:pdf. Sehemu ya kwanza inaiambia mashine itafute kwenye tovuti za vyuo vya Kenya pekee, ya pili ilete nyaraka zinazopakulika. Badilisha ac.ke iwe ac.tz upate za Tanzania, au ac.uk upate za Uingereza. Kijimstari hicho kimoja kitakuepusha na zile tovuti zinazokuonyesha ukurasa mmoja wenye ukungu kisha zinakwambia lipa, au pandisha kazi ya mwenzio ndipo ufunguliwe.

Kwa ambaye ameachana na skuli muda mrefu, mimi ningemwanzisha OpenLearn, ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Masomo yao ni mafupi, kila moja limeandikwa litachukua saa ngapi na ni la kiwango gani, na ukimaliza hukupa karatasi ya kuonyesha umeshiriki. Si shahada, lakini kwa mtu aliyesahau ladha ya kumaliza kitu, inasaidia. Wa uhandisi waende NPTEL ya India, ambako tangu 2003 wahadhiri wa vyuo vya IIT wamerekodi masomo mengi mno, kwa lafudhi ambayo sikio la Mombasa halihitaji kuizoea upya. Na Yale wana masomo yao yapatayo arobaini, likiwemo la masoko ya fedha la Profesa Robert Shiller, aliyepata tuzo ya Nobeli mwaka 2013.

Nimewataja Yale kwa sababu nyingine pia: data. Anayesema elimu ya mtandaoni ni bure hajawahi kununua bando la shilingi hamsini likaisha katikati ya mhadhara. Video ndizo zinazokula. Yale wameweka kila mhadhara kwa sauti peke yake na kwa maandishi yaliyonukuliwa neno kwa neno. Maandishi ya mhadhara mzima hayafikii hata dakika chache za video. MIT nao wana kitufe cha kupakua somo zima kwa pamoja, bila video, ukalisome bila mtandao. Sisi tulikuwa tunakwenda mara moja kwa mwezi mahali penye mtandao wa bure, tunajaza, tunarudi. Sura za kufanyia mazoezi tulizichapisha kwenye saiba, shilingi 10 ukurasa, na sijutii hata moja, kwa sababu karatasi haileti ujumbe wa WhatsApp.

Lugha nayo ni kizingiti. Karibu yote haya ni Kiingereza, tena cha wazungumzaji wa haraka. Maandishi ya mhadhara husaidia hapa tena: soma kwanza, sikiliza baadaye, na kasi ya video ipunguze hadi robo tatu. Binti yetu ana daftari dogo la maneno, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili maelezo yake mwenyewe kwa Kiswahili. Mkabala wa "accrual" ameandika: mamangu amekula mkopo wa viazi, hajalipa, lakini gharama ni ya leo. Sijaona kitabu kilichoeleza vizuri kuliko hivyo.

Lakini kilichomfikisha mbali si tovuti yoyote. Mwezi wa pili alikuwa karibu kuacha. Alikwama kwenye marekebisho ya mwisho wa mwezi, siku nne zoezi moja, na hakuwa na wa kumuuliza. Mimi nilijaribu na nikachanganyikiwa kuliko yeye. Ndipo tukatafuta wenzake wawili, mmoja kijana wa jirani anayefanya kazi dukani, mwingine msichana aliyesoma naye, tukapanga Jumamosi baada ya Asiri, barazani kwangu, saa mbili, simu ndani ya sahani. Kila mmoja afanye zoezi nyumbani, aje alieleze mbele ya wenzake. Yule kijana wa duka ndiye aliyelifungua lile fundo, kwa kuwa kila mwisho wa mwezi huhesabu bidhaa zilizobaki rafuni. Msichana mwingine amepata kazi hoteli moja huko Diani na hakuja tena. Ndivyo mambo yalivyo. Wamebaki wawili, na mimi wa tatu wa kupika kahawa.

Sasa, ijaza. Hili halikwepeki, kwa sababu mwajiri hataangalia daftari la maneno. Kuna fani ambazo njia hii haifai kabisa. Uuguzi hausomwi kwa PDF, na kisheria hutoruhusiwa kumgusa mgonjwa. Lakini ziko fani ambazo anayetahini hajali ulisomea wapi. Uhasibu ni moja. KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu, humpokea mwenye C+ kwenye mitihani ya CPA, na waweza kujisomea mwenyewe. Unacholipia ni usajili na mtihani. Kwa hivyo darsa ukaipata mtandaoni, na kipimo ukakifuata kwao. Silabasi yao ndiyo tuliyoiweka kando ya kitabu cha OpenStax na kutia alama: hii imo, hii haimo, hii ni ya Marekani tuiruke. Aliyekosa alama hizo anaweza kurudia KCSE kama mtahiniwa wa binafsi, na Khan Academy itamfaa kwa hesabu. Na anayeitaka shahada yenyewe bila kuhama nyumbani aulize Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2023 na kinachofundisha kwa mtandao. Hicho kina karo, lakini hakina kodi ya chumba.

Kaka yangu bado ana mashaka. Juzi aliniuliza kama binti yake anapoteza wakati. Nilimwonyesha hesabu za viazi za miezi mitatu, zilizoandikwa kwa safu mbili, pamoja na bei ya mafuta ya kupikia na ile karai mpya iliyogawanywa gharama yake kwa miezi. Aliitazama karatasi kwa muda, akauliza, "Yaani hawa wanapata faida ndogo hivi?" Kisha akatoa pesa za usajili. Nusu yake, nyingine wataongeza wao kwa viazi.

Jumamosi hii wanaingia sura ya tano, ile ya kufunga vitabu vya mwaka. Ile flashi ameiweka. Tumefuta jina la muuzaji, na mafaili ameshawanakilia wasichana sita wa mtaani, bure.